Injini Niliyoihukumu

Wageni wanaofika hapa Nyasubi, mtaa wetu wa Kahama, wakiniuliza kwa nini nashona viatu wakati ukutani nimetundika spana, huwa nawajibu ni mgongo. Mgongo! Mgongo wangu mzima kuliko wa punda. Uongo huo nimeuchoka. Leo nasema nilichokifanya mwaka wa hamsini na nne, na anayetaka kucheka na acheke.

Kabla ya kuwa fundi wa magari nilikuwa Geita, mgodini, miaka saba chini ya ardhi. Kazi yangu ilikuwa kutoboa mwamba na kutega baruti. Sikio la kulia lilifia huko huko. La kushoto nilirudi nalo Kahama likiwa mahututi, na nikalificha kwa kila mtu isipokuwa mke wangu, Serafina. Mtu akizungumza namtazama midomo. Nikikosa neno najibu "haya, haya," na watu wakaniona mpole. Mimi Mabula, mpole! Waulizeni jirani zangu.

Na kazi yangu, Mungu anisamehe, ilikuwa ya kusikiliza. Nilikuwa na kijiti cha mpingo: ncha moja naigusisha kwenye injini, ncha ya pili nyuma ya sikio, kwenye mfupa. Mwanzoni nilisikia kweli. Nilikuwa nakwambia pistoni gani inaumwa kabla hujafungua boneti sawasawa. Jina likatoka, watu wakaleta magari kutoka Kishapu. Lakini jina lilipofika huko, sikio nalo lilikuwa limekwisha, na mimi sikumwambia mtu. Nikawa nabahatisha.

Sasa, palikuwa na Pranlal, mwenye duka na mashine ya kusaga. Baba yake alinunua gari Tabora mwaka wa ishirini na nane, akaja nalo Kahama kwa njia za porini, mkewe Champaben ubavuni, Pranlal mwenyewe akiwa mtoto wa kupakatwa. Mzee alikufa, gari likabaki, na injini yake ilikuwa ile ile waliyokuja nayo. Mwaka huo ikaanza kugonga. Pranlal akapata injini ya lori lililopinduka njia ya Shinyanga, akataka kuiweka. Mama yake akakataa katakata.

"Baba yako aliiwasha injini hii kila asubuhi kwa mkono wake," alimwambia. "Ukiitoa, unaniachia sanduku la bati."

Walibishana mwezi mzima, mpaka wakakubaliana jambo moja: Mabula asikilize. Atakalosema Mabula, ndilo hilo.

Jumamosi nikaitwa. Gari lilikuwa bandani, ukuta mmoja na mashine ya kusaga. Mashine inakwenda, sakafu ya saruji inatetemeka, wanawake wamepanga foleni na mahindi yao, Serafina akiwa mmoja wao. Champaben alikaa kwenye kigoda, mkono ameuweka juu ya madigadi. Nikamwamkia shikamoo, midomo yake ikasema marahaba. Pranlal akazungusha hendeli, feni ikaanza kuzunguka, nami nikajipenyeza chini ya gari na kijiti changu.

Kijiti kilitetemeka. Nilichokipata ni hicho tu. Sauti, hakuna. Ningeweza kutoka pale nikasema, "Mama, mimi sisikii." Maneno matatu. Nikayatafuna nikiwa chali, kisha nikayameza. Nikajiambia, gari lina miaka ishirini na sita, injini ya umri huo ina uzima gani? Na Pranlal mwenyewe anataka mpya, nani atanibishia? Nilipotoka nikakuta injini imezimwa. Nikajua Pranlal ameizima ili niseme.

"Beringi za krenki zimekwisha," nikatangaza, kifua mbele. "Nimezisikia zinagonga moja baada ya moja. Ing'olewe."

Wanawake wale, wenye midomo ya kushinda hiyo mashine, wote wametazama chini. Mmoja alijiziba mdomo kwa khanga. Champaben akamkazia macho, na mwanamke yule akageukia ukutani. Pranlal akajikuna shingo. Nikadhani ni huzuni. Champaben akanigeukia, akasema taratibu, midomo akiifungua vizuri nisikose neno, "Fundi ameamua. Ing'olewe."

Alasiri Serafina akarudi nyumbani. Akatua unga, akanijia kwenye sikio la kushoto, akapiga kelele hata kuku wakatimka.

"Baba Januari! Kule chini ulikuwa unasikiliza nini?"

"Injini."

"Injini gani? Ilizimika hata hujamaliza kujilaza! Pranlal alisahau kufungua koki ya petroli. Sisi tumesimama tunaitazama miguu yako, na wewe unasikiliza mashine ya kusaga!"

Nikamwita mwongo. Nikasema wanawake wa foleni wanajua nini habari za injini. Nikapiga ndoo teke. Kisha nikakaa chini. Jamani, aibu ina joto. Ilinipanda shingoni mpaka masikioni, yale yale masikio yasiyo na kazi, na sikujua niuweke wapi uso wangu. Serafina hakunicheka. Afadhali angenicheka.

"Mficha uchi hazai," akaniambia. "Nenda kawaambie. Injini bado ipo ndani ya gari."

"Nitakwenda."

Sikwenda. Jumapili nilisema ni siku ya Bwana. Jumatatu asubuhi walikuja vijana wawili wapakiaji wa pamba, tukafunga minyororo, tukaing'oa ile injini, wakaibeba mpaka gereji kwangu. Walipoondoka nikafungua bakuli la oili la chini.

Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Lakini maiti huyu hakuwa na aibu hata kidogo. Beringi zilikuwa zinang'aa. Krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, laini, haina mkwaruzo. Nikatafuta mlio ule wa kugonga unatoka wapi, nikauona: boliti ya puli, kile kigurudumu cha kuzungusha feni, imelegea. Boliti moja! Kazi ya spana na dakika moja, ukiwa unavuta sigara. Wa kuaibika pale alikuwa mwosha.

Nikaikaza ile boliti, sijui kwa nini. Nikafunga bakuli. Nilikuwa bado nafuta mikono Pranlal akaingia, akasimama mbele yangu.

"Vipi ndani?" akauliza.

Hapo ndipo ningesema. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikaona wenye magari wa Kishapu wakipita mlangoni kwangu bila kusimama. Nikaona wale wanawake wa foleni.

"Kama nilivyosema," nikajibu.

Akashukuru. Tukaweka ile ya lori, na wiki hiyo hiyo akampa Mohsin, mwenye bustani huko Buseresere, ile injini ya marehemu mzee, ajaribu kuifunga kwenye pampu ya bustani, ikikataa basi aitupe. Baada ya miezi miwili Mohsin alipita gerejini kwangu, amefurahi kama mtu aliyeokota pesa. Alinishika bega akanisogelea uso kwa uso, nikamsoma midomo: injini uliyosema imekufa, Mabula, inavuta maji kutwa nzima na haijakohoa hata mara moja!

Siku hiyo nikafunga gereji mapema. Nikavaa shati safi, nikaenda kwa Champaben. Alikuwa barazani peke yake anachambua choroko. Nikamwamkia, nikasimama.

"Mama, nimekuja kukwambia jambo. Mimi ni kiziwi."

Hakushtuka. Akaweka ungo chini, akanigeuzia uso ili nimsome vizuri. "Najua. Mwaka wa tatu huu najua. Nikikuuliza una watoto wangapi, unanijibu 'haya'."

"Na siku ile bandani?"

"Siku ile nilijua vilevile. Ningesema mbele ya foleni yote ile, watoto wako wangekula nini?"

Nikashusha pumzi. Nilidhani kumbe nimesamehewa kabla sijaomba, nikataka kupiga magoti nimshukuru. Akainua mkono kunizuia.

"Nilisema ing'olewe kwa kuwa nilijua utaifungua," akasema. "Nikajiambia, masikio ya fundi yamekufa, si kosa lake, yameliwa na mgodi. Lakini macho anayo. Ataiona. Ikiwa mbovu, basi, nitaiaga. Ikiwa nzima, atakuja kuniambia, tena kwa faragha, na tutairudisha bila mtu kujua. Nikakaa hapa Jumatatu nakungoja. Jumanne nikakungoja. Walipoipakia kwenda Buseresere, nikasema, haya, Mabula ameona ni mbovu. Na sasa nasikia inavuta maji kutwa nzima."

Alikuwa ananitazama usoni, si kwa hasira, na mimi siwezi kuangalia pembeni, maana nikiangalia pembeni sisikii.

"Macho yako yalikuwa na nini, Mabula?"

Hakuniita fundi. Niliendelea kutazama midomo yake nikingoja aongeze neno, hata tusi, naye akauchukua ungo wake. Jioni hiyo nikaitundika spana ukutani.