Siku Iliyopotelea Njia Panda

Kama si suruali ya mtu wa reli, mshonaji yule asingejua lolote mpaka leo.

Mumewe alikuwa fundi wa minara ya simu, kazi yake upande wa pili wa nchi, na nchi yenyewe haivukiki kirahisi. Kwa ndege, saa mbili. Kwa basi, kutwa nzima na maumivu ya mgongo juu. Kwa treni, siku mbili, maana ilibidi kushuka stesheni ya njia panda, kulala hapo, na kupanda nyingine kesho yake. Kampuni iliwaachia mafundi wachague wenyewe. Wenzake wakapanda ndege. Yeye, kila mwezi, treni.

"Ndege naiogopa," alimwambia mkewe. Mtu anayeshinda juu ya mnara wa mita sitini, anaogopa ndege. Haya.

Basi, yule mtu wa reli alileta suruali yake ipunguzwe kiuno, na katika maongezi mshonaji akamweleza jinsi anavyomwonea huruma mumewe kwa kulala njia panda.

"Alale kwa nini, dada? Tangu mwaka jana treni zinapokezana. Hii ikifika asubuhi, ile inaondoka baada ya saa mbili."

Kiuno kile alikikata vibaya, ikabidi akirudie. Mumewe hufika Ijumaa jioni. Kumbe alipaswa kufika Alhamisi. Siku nzima inaliwa njiani, na siku haijili yenyewe.

Akampigia wifi yake, dada wa mume. Wifi akajibu haraka mno: "Mwache kaka apumzike, wifi." Ikawa kumwagia moto petroli. Hao damu moja, watafichiana tu.

Kuanzia hapo akamuumba yule mwanamke kichwani: mwembamba, muuza chai labda, mcheshi. Mwishowe akampa na mtoto. Alinusa mashati ya mumewe, yakanukia sabuni. Msafiri wa siku mbili anukie sabuni, kwa nani?

Mwezi uliofuata, siku ya Alhamisi, akapanda basi la alfajiri. Njia nzima alipanga maneno, makali kwanza, machafu baadaye. Saa saba mchana akashuka njia panda. Treni ya kwao ilikuwa imeshaondoka zamani. Akachungulia dirisha la chumba cha abiria.

Mumewe alikuwa peke yake kwenye benchi. Amevua viatu, soksi amezifua na kuzianika dirishani, anamenya chungwa taratibu kama mtu asiyedaiwa chochote na dunia. Alikuwa akipiga mluzi. Miaka kumi na minne ya ndoa, mshonaji hakuwahi kumsikia akipiga mluzi.

Akamgeukia mwanamke aliyekuwa akifagia. "Samahani, dada. Yule anamngoja nani?"

"Yule? Hamngoji mtu. Kila mwezi anashuka, treni yake inaondoka anaiangalia, anakaa hapo mpaka kesho. Hana neno na mtu." Akakung'uta ufagio. "Mimi nilidhani hana kwao."

Kama angekuwapo mwanamke, mshonaji angejua la kumfanya. Maneno alikuwa nayo tangu alfajiri. Benchi utalitukana nini? Wivu wote ukamtoka, na kilichobaki kikamuuma kuliko wivu: mtu wake alikuwa akiiba siku nzima ili tu asifike nyumbani.

Akaingia. Mluzi ukakatika. Mume hakuuliza amefikaje wala amefuata nini. Aliinama akaanza kuvaa viatu bila soksi, haraka haraka, kama kibarua aliyekutwa na bosi amesinzia.

"Nilikuwa naja," akasema.

"Najua. Maliza kwanza chungwa lako."

Lakini alikuwa ameshalifunga kwenye gazeti, ameshasimama, begi begani, anangoja mkewe amwambie waende.