Bunduki ya Kilo Tatu Kasoro

Watu wengi wakiingia dukani kununua bunduki huinyanyua, hufumba jicho moja, hulenga taa ya darini, kisha husema "Mm!" kama mtu anayeonja mchuzi. Muuzaji hufurahi, kwa sababu mteja wa "mm" hana maswali. Jicho hakuwa mteja wa namna hiyo, na shemeji yake muuza bunduki alilijua hilo mara tu alipomwona anaingia amevaa raba za mazoezi.

"Shemeji, leo kuna mbio?"

"Zipo. Jengo lako hili lina ghorofa ngapi?"

"Nne, ukiacha paa."

"Zitatosha," akasema Jicho, akaweka kibali chake cha silaha juu ya kaunta.

Jicho lilikuwa jina la kazini, na alilipata kwa haki. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiwaongoza wawindaji milimani. Kazi ya mwongozaji si kumpigia mteja mnyama wake. Kazi yake ni kummalizia mnyama ambaye mteja amemjeruhi, tena haraka, asije akakimbia kwenda kuteseka siku mbili vichakani. Katika kampuni yao hakukuwa na aliyemaliza vizuri kama yeye. Lakini mwaka uliopita aliteleza kwenye mawe, bega la kulia likavunjika, akapasuliwa na kutiwa skrubu nne. Daktari akamwambia asibebe zaidi ya kilo tatu kwenye bega hilo, wala asipige bunduki yenye teke la punda. Bunduki yake ya zamani ilikuwa na kilo tano na teke la punda wawili.

Bosi akampa meza, kiti cha kuzunguka na simu. Miezi saba Jicho aliwajibu watu wanaouliza kama mahema yana vyoo. Aliwajibu kwa adabu, na kila akikata simu alijiona anazeeka kwa wiki nzima.

Sasa nafasi ya mwongozaji mkuu wa milimani ilikuwa wazi, na mtihani ulikuwa Jumamosi. Akishinda, anarudi mlimani. Akishindwa, bosi alishasema bila kuzunguka: meza ile ni yake mpaka astaafu. Mshindani alikuwa mmoja tu, naye ni mdogo wake wa tumbo moja, ambaye Jicho mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika bunduki.

Mtihani wa kampuni ile haukuwa wa mezani wala wa kivulini. Unapanda kilima mbio huku mgongoni una mfuko na bunduki. Ukifika juu unapewa dakika mbili na risasi moja. Ng'ambo ya bonde, mita mia tatu na hamsini, limetundikwa bati la chuma lenye ukubwa wa sinia. Ukilipiga, umepita. Ukilikosa, hakuna "jamani nirudie", maana swala aliyejeruhiwa naye harudii.

Shemeji akatoa bunduki mbili akazilaza juu ya kitambaa. Ya kwanza ilikuwa na kilo mbili na robo, darubini ikiwa juu yake, mtutu mwembamba na kitako kilichochongwa matundu ili kupunguza uzito.

"Hii naiita Unyoya," akasema. "Mdogo wako kachukua pacha wake wiki iliyopita. Kaijaribu pale uwanja wa shabaha, risasi tatu zimeingia mahali unapoweza kupaziba kwa kizibo cha soda."

"Aliipiga amekaaje?"

"Mezani, imelalia mfuko wa mchanga. Kwani watu hujaribuje?"

"Na moyo wake ulikuwa unadunda vipi?"

"Shemeji, mimi mtu akija kununua bunduki simuulizi habari za moyo."

"Ndiyo maana naja na raba," akasema Jicho.

Shemeji akafungua chemba za bunduki zote mbili, akamwonyesha kuwa ni tupu, akabandika kikaratasi cheusi chenye ukubwa wa ukucha kwenye ukuta wa stoo ya nyuma. Jicho akatoka mbio. Akapanda ghorofa zote nne, akagusa mlango wa paa, akashuka huku bega likimkumbusha kila kona. Akaingia stoo anahema kama mbwa wa mchana, akaketi chini, viwiko juu ya magoti, akaiinua Unyoya.

Kile kikaratasi kilirukaruka. Kila moyo ulipopiga, mtutu ulinyanyuka ukashuka, ukanyanyuka ukashuka. Bunduki haikuwa na uzito wa kukataa. Kila ulichotaka moyo wake, yenyewe ilikubali. Hapo ndipo wengi hukosea, tena wenye kazi yao, wanaojua bunduki kuliko wanavyowajua wake zao. Wanatafuta wepesi kwa ajili ya miguu, wanasahau kwamba atakayelenga ni mtu anayehema.

Akapanda tena ngazi. Safari hii mhasibu wa ghorofa ya pili akafungua mlango.

"Mama, kuna moto?"

"Hakuna, baba. Nanunua bunduki."

Mhasibu akafunga mlango, na ukasikika mlio wa komeo.

Bunduki ya pili ilikuwa na kilo tatu kasoro kidogo. Kitako chake kilikuwa chepesi, lakini mtutu ulikuwa mnene na uzito wake umelalia mbele. Jicho akailenga huku jasho likimwingia machoni. Moyo ulikuwa uleule, pumzi zilezile, ila kikaratasi kilitikisika kidogo tu, kikatulia. Akarudia mara tatu kwa kila bunduki, kwa sababu mara moja ni bahati. Mara zote tatu jibu likawa lilelile.

"Naichukua hii."

Shemeji akajikuna kidevu. "Sikuzuii, lakini nikwambie ukweli. Hii inakula risasi ndogo. Wenzako watakucheka, wataiita bunduki ya panya."

"Risasi ndogo, teke dogo. Bega langu linataka hivyo. Na swala hasomi maandishi ya kwenye boksi, shemeji. Yeye anapajua mahali ilipoingia."

Jumatano aliipeleka uwanja wa shabaha, akairekebisha darubini kwa mita mia tatu na hamsini. Alipiga risasi tisa, akipumzika kila baada ya mbili ili mtutu upoe. Bega lilinung'unika lakini halikulia. Jicho alirudi nyumbani anaimba, mpaka mumewe akauliza nani kaolewa.

Alhamisi jioni mdogo wake akaja. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na nane, mwenye miguu mirefu na mwendo wa kupanda mlima kama anashuka. Aliketi ukingoni mwa kochi, chai akaiacha ipoe.

"Dada, niachie nafasi hii," akasema.

"Nikuachie kwa nini?"

"Siku ile ulipovunjika nilikushusha mimi. Kwa saa sita nzima nimekubeba, unapiga kelele kila nikikanyaga jiwe. Sitaki kukubeba tena. Na bosi nimemwambia hivyohivyo, kwamba mlima umekushinda. Bora ulisikie kwangu."

Jicho aliumia. Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema hawakukosea. Lakini alimwona jinsi anavyokwepa kumtazama usoni, akajua kwamba maneno yale yametoka kwenye hofu zaidi kuliko tamaa, ingawa tamaa nayo haikuwa mbali.

"Mimi nilikubeba mgongoni miaka miwili," akamwambia. "Ulikuwa mzito, unalia, na unanikojolea. Hukunisikia nikienda kwa mtu kusema umenishinda."

Mdogo wake akacheka kidogo, akainamisha kichwa. Basi Jicho angeweza kunyamaza. Meza ile ya simu ilikuwa inamngoja yeye, si mdogo wake, na hakuna sheria inayomlazimu mtu kumnolea mshindani wake kisu. Lakini alikuwa amemfundisha mtoto yule kila kitu, na hakuona sababu ya kuacha kumfundisha wiki hii.

"Sikiliza. Ile bunduki yako ni nzuri mezani. Ukiwa unahema, itacheza. Kimbia, keti, ilenge ukutani ikiwa tupu, utaona mwenyewe. Bado una kesho nzima ya kuibadilisha."

Uso wa mdogo wake ukabadilika. "Dada! Yaani unataka kunitia wasiwasi kabla ya mtihani?"

"Nakwambia nilichokiona."

"Asante. Tutaonana Jumamosi."

Akaondoka, chai haijaguswa.

Jumamosi asubuhi watu wa kampuni walikuwa wamesimama juu ya kilima, bosi akiwa na saa mkononi. Mdogo wake Jicho alitangulia. Alipanda vizuri mno, hata waliosimama wakapiga makofi, akafika juu kabla hawajamaliza. Akaketi, maana nyasi zilikuwa ndefu na aliyelala asingeona kitu. Akaiinua Unyoya yake. Kama alivyozoea, alivuta pumzi, akaitoa nusu, akalenga. Akashusha bunduki. Akailenga tena. Jicho alisimama pembeni akauona mtutu unavyohesabu mapigo ya moyo, na moyo wake mwenyewe ukamuuma kwa ajili yake. Alitamani amwambie angoje, atulie, dakika bado ipo. Lakini mtihani hauna msemaji.

Akapiga. Vumbi likaruka kushoto kwa bati, kiasi cha mkono mmoja.

Alisimama, akalitoa ganda la risasi, akaenda kusimama peke yake.

Jicho akashuka hadi chini ya kilima, kisha akapanda kwa mwendo wake, si wa kuvunja rekodi wala wa kuchekesha. Kuna aliyenong'ona "bunduki ya panya", na mwingine akacheka. Alifika juu pumzi ikiwa juujuu, akaketi, akapachika viwiko kwenye magoti. Bati likaingia ndani ya darubini, likacheza kidogo, likatulia. Angeweza kupiga. Lakini nyasi za ng'ambo zilikuwa zimelala upande wa kulia, upepo unakatisha bonde.

Akangoja. Dakika ya kwanza ikaisha.

"Sekunde arobaini," akasema bosi.

Nyasi bado zimelala.

"Ishirini."

Jicho hakuwa na wasiwasi, na jambo hilo lilimshangaza hata yeye. Miezi saba ya simu alikuwa anaogopa siku hii, na sasa imefika hakuona ndani yake ila kazi anayoijua.

"Kumi."

Nyasi zikasimama. Akapiga. Kitako kikamsukuma begani kama mtu anayeomba njia, kisha kukawa kimya, kimya kirefu kuliko alivyotaka, halafu sauti ya chuma ikavuka bonde: nggg!

Watu wakapiga kelele. Bosi akaifunga saa yake, akaja kumshika mkono, wa kushoto.

"Mlima ni wako. Mwongozaji mkuu anachagua msaidizi wake, ndiyo utaratibu. Unamtaka nani?"

Jicho akamwonyesha mdogo wake kwa kidevu. "Yule."

"Yule amekosa, mbele ya macho yetu!"

"Bosi, amekosa bati. Bati halikuumia. Tangu leo hatapiga tena huku moyo unamkimbia, na mtu wa hivyo ndiye ninayemtaka nyuma yangu. Hao wengine bado sijui watakosea wapi."

Mdogo wake alisikia. Akaja taratibu, macho yamemwiva.

"Dada, nilidhani unanihadaa."

"Najua."

"Ungeninyamazia tu."

"Ningekunyamazia, halafu nikupeleke mlimani hujui? Jumatatu saa kumi na moja alfajiri. Ukichelewa nakuacha."

Wakaanza kushuka kilima. Bunduki Jicho aliibeba mwenyewe. Hatua kadhaa mbele, bila kuuliza, mdogo wake akauvuta ule mfuko kutoka mgongoni mwa dada yake akauvaa juu ya wa kwake, na Jicho, ambaye tangu avunjike hakuwa amekubali hata mumewe ambebee kikapu, akauachia.