Siku za Likizo za Mama Shefu

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi Mwavita alikuwa akichemsha sindano kwenye sufuria, juu ya mbabula ya makaa, mlangoni pa wadi ya pili ya hospitali ya kambi ya Kindu. Sindano zilikuwa kumi na moja, majeruhi arobaini na sita. Vita vya jimbo la Shaba vilikuwa vimeingia mwezi wa pili, na juzi yake treni ya kutoka upande wa Kongolo ilikuwa imewaleta katika mabehewa ya mizigo, wamelazwa juu ya magunia ya mpunga. Askari Sudi, wa kitanda cha dirishani, alimwita kwa adabu, kama mkuu wa wadi anavyoitwa.

“Mama Shefu, naomba ruhusa.”

“Ruhusa ya kwenda wapi?”

“Ya kufa, Mama. Nimechoka kabisa.”

Mwavita alifunika sufuria. “Hapa hakuna muntu anatoka bila karatasi ya Daktari Meja. Karatasi yako iko wapi?”

Sudi akasema hana.

“Basi lala. Uji iko inakuja.”

Sudi alikuwa askari wa miaka tisa, na amri ni amri. Hakufa.

Habari ilizunguka wadi kabla uji haujapoa. Wote walikuwa watu wa jeshi. Hakuna aliyetaka kuonekana mtoro. Kwa wiki tatu hakufa mtu. Wengi waliokuwa wafe Jumatatu, wakasubiri karatasi mpaka Alhamisi, walikuta homa imeshuka na tumbo linadai chakula. Thelathini na wanane walipona hivyo, wakarudi kwa wake zao kwa miguu yao wenyewe, au kwa ule mmoja waliobakiwa nao.

Asifiwe anayestahili kusifiwa. Mwavita alikuwa binti wa mfanyakazi wa reli, alisomea uuguzi katika hospitali ya Tunda, na aliingia jeshini mwaka wa pili wa uhuru, wakati ambapo wanaume walicheka kumwona mwanamke akipiga saluti. Kwa miaka kumi na mitano hakupanda zaidi ya cheo cha ajida, kilicho chini ya luteni. Vijana aliowafundisha kushika mkasi walimpita kwa vyeo; aliwapigia saluti kama inavyotakiwa, kisha akafungua bendeji walizofunga vibaya na kuzifunga upya mbele yao.

Lakini Sudi hakuwa wa kupona. Risasi ilikuwa imempasua tumbo, na moyo wake ulisimama Jumatano ya kwanza. Alilala pale akiwa baridi, mwenye adabu, akiitika jina lake kila asubuhi. Mgonjwa haulizwi uji, kwa hiyo naye alipewa bakuli lake, akalishika mpaka likapoa.

Mkewe, Safi, alikuja kila adhuhuri na wali na sombe ya majani ya muhogo. Siku ya ishirini na mbili hakufungua chungu. Alimvuta Mwavita pembeni.

“Mama, niko bibi ya muntu ao niko mujane? Kama amekufa, nikae eda. Kama hajakufa, arudi kwake. Mi siwezi kusimama mu mulango siku zote.”

Shehe alikuwa amemwambia kwamba eda ni miezi minne na siku kumi, nayo huhesabiwa kuanzia siku ya kifo. Sudi hakuwa na siku ya kifo. Mwavita, ambaye alikuwa Mwislamu na alijua uzito wa jambo hilo, aliona aibu. Ni yeye aliyefunga mlango kwa neno lake, na ufunguo haukuwa mkononi mwake.

Alikwenda kwa Daktari Meja. Huyu alikuwa mtu msafi, mwenye beji ya Chama tawala kifuani, na alimweleza kwa upole kwamba haiwezekani. Redio ilikuwa imetangaza kwamba wana wa kambi ya Kindu wamerudi wote wazima. Karatasi moja ya kifo ingeifanya redio kuwa mwongo. Mwavita alirudi kesho yake, na keshokutwa, na siku nane nyingine. Siku ya kumi na moja Daktari Meja alivuta droo. Ndani mlikuwa na nyota ya luteni, ile aliyoingojea miaka yote. Akasema ingekuwa yake, kama tu angeacha kuuliza.

Mwavita aliitazama. Aliitaka, hilo halifichiki.

“Iache mule mule,” akasema.

Alirudi wadini akachukua kitabu chake cha likizo. Hakuwahi kuchukua hata siku moja. Siku mia nne na hamsini zilikuwa zimelala humo, mali yake mwenyewe, na kanuni, ambazo alizisoma mara mbili, hazikukataza mtu kugawa chake. Akaandika kwamba Ajida Mwavita anampa askari Sudi siku moja ya likizo. Akapiga muhuri wa wadi.

Sudi aliisoma karatasi yote, kisha akaomba avalishwe buti.

“Asante, Mama Shefu. Nirudi saa ngapi?”

“Usirudi, mwanangu.”

Alikufa saa saba na dakika kumi, siku ya Ijumaa, na kabla ya alasiri alikuwa amezikwa. Safi alilia kwa sauti, akaingia eda siku hiyo hiyo. Wengine saba waliobaki, ambao mioyo yao nayo ilikuwa imesimama, walipewa siku moja moja.

Wiki mbili baadaye ilifika barua kutoka makao makuu. Likizo ya askari Sudi ilikuwa ya siku moja, naye hajaripoti. Kwa hiyo ni mtoro, na wale saba vilevile. Majina yao yalibandikwa kwenye geti la kambi. Mwavita aliwapeleka askari wawili wa doria, waliokuja kuwakamata, mpaka makaburini, akawaonyesha wale wanane walipo. Waliandika kwamba watoro wameonekana lakini wamekataa kutoka.

Mwaka uliofuata vita vilirudi Shaba, na treni ikarudi Kindu. Baadaye kikaja kipindupindu. Daktari Meja akawa kanali, na kalamu yake haikuchoka, kwa kuwa haikufanya kazi. Mwavita aliendelea kugawa siku zake mpaka zikaisha. Ndipo moyo wake mwenyewe uliposimama, Jumanne moja mchana, bendeji ikiwa nusu. Akaimalizia.

Léontine, muuguzi kijana aliyefundishwa naye, ambaye kwenye karatasi za Chama alilazimika kuwa na jina jingine kwa kuwa majina ya kizungu yalikatazwa, alimwona, akaelewa, akaleta kitabu chake.

“Chukua siku yangu moja, Mama.”

“Uko nazo ngapi?”

“Makumi tatu.”

Mwavita alitazama wadi. Vitanda vyote vilikuwa na watu.

“Zichunge. Utapatia hawa.”

Jina la Sudi lilibaki getini, la kwanza kwenye orodha, na Mwavita alilipita kila asubuhi akienda kazini. Wenye homa waligombania zamu yake, kwa sababu mikono yake ilikuwa baridi.