Bati Juu ya Nasani

Kioo kidogo kilichotundikwa kando ya dirisha kilionyesha vistari vitupu, kama macho yaliyofumbwa. Saa yake ilikuwa sahihi, na joto la ndani lilisomeka. Habari za nje ndizo zilizokatika: joto, upepo, mvua. Vasta alikifuta kwa upindo wa leso yake, akakitazama tena. Vistari.

Nasani, mumewe, alikuwa amekinunua baada ya mafuriko. Kipimo chenyewe cha hali ya hewa kilisimama juu ya mlingoti mwisho wa shamba la kahawa, kikituma habari bila waya hadi kwenye kioo hiki. Majirani wa Kyarumba walianika na kuanua kahawa kwa neno la Nasani. Alipofariki, wakamgeukia Vasta. Ndiye aliyekuwa akisoma tarakimu dirishani, mumewe akiwa kule mlingotini akipaza sauti: "Ngapi?" Lakini matanga yalikuwa hayajapoa vizuri, kioo nacho kikafumba. Na leo ua ulikuwa umejaa maturubai ya kahawa, milima imejifunga wingu kiunoni.

"Goti langu linajua mvua kuliko hicho kioo," alisema jirani yake Ronah, akigeuza kahawa kwa mguu. "Tena halili betri."

"Juzi lilisema nini?"

"Lilisema jua."

"Na kahawa ikalowa."

Ronah akacheka, kisha kicheko kikamkauka. "Basi tengeneza, Vasta. Kahawa ikishika ukungu tena, mnunuzi hatapanda huu mlima."

Vasta akampigia simu Wahab, fundi wa Bwera aliyewauzia kifaa.

"Betri umebadilisha, mama?"

"Mpya zote. Ya nje kwanza, halafu ya ndani, kama ulivyomfundisha mzee."

"Basi mashine iko muzima. Beba hiyo kioo, tembea pole pole kwenda kwa mlingoti. Uniambie namba inarudi wapi."

Alipita jiko: vistari. Alipita migomba: vistari. Akafika kwenye kaburi la mumewe, akasimama upande wa huku wa bati: vistari. Alipozunguka na kutokea upande wa pili, kioo kikafumbua macho. Akarudi, kikafumba. Akazunguka tena, kikafumbua.

"Hapo katikati iko nini?" Wahab aliuliza.

"Kaburi ya mzee."

"Pole, mama. Lakini kaburi haizuie kitu."

"Iko na bati. Juu, na hii upande yote."

"Basi umeshajua," Wahab alisema.

Bati hilo alilipigilia Kambale, mdogo wa marehemu, saruji ikiwa bado mbichi, akaliteremsha hadi chini ili mvua ya upepo isimpige kaka yake. Watu walilisifu. Vasta mwenyewe alikuwa akilala usingizi mtulivu kila mvua iliposhuka, akijua kwamba kule, chini ya bati, ni pakavu.

Kambale alipoitwa, hakutaka kusikia. "Hamisha mlingoti, shemeji."

"Niupeleke wapi? Huku migomba, kule nyumba. Nasani aliutafutia uwazi."

"Watasema mjane amemvua kaka yangu nguo."

"Watasema. Wakimaliza, wataniuliza kama kutanyesha."

"Atanyeshewa, Vasta."

Neno hilo lilimgusa, kwa kuwa ndilo alilokuwa akijiambia yeye mwenyewe. Lakini sasa, akiwa na kioo mkononi, alimwona Nasani kichwa wazi kando ya mlingoti, maji yakimchuruzika masikioni, yeye akimwita aingie ndani. Jibu lilikuwa moja siku zote: mvua haipimwi kutoka uvunguni.

"Shemeji," alisema, "ni lini ulimwona Nasani akikimbia mvua?"

Kambale aliliangalia bati. Kisha akaokota nyundo. "Shika upande huo," alisema.

Bati la mwisho lilipong'oka, Vasta alikuwa amekwisharudi dirishani. Tarakimu zilikuwa zimetulia mahali pake. Joto la nje lilikuwa linaporomoka, na upepo umegeuka, unatoka mlimani.

"Ronah, anua."

"Na hili jua?"

"Anua."

Sauti hiyo haikuacha nafasi ya goti. Wakakunja maturubai, wakaburuta magunia hadi ukutani, na Kambale akayafunika kwa mabati yale yale. Jua lilikuwa bado likiwaka bondeni mvua ilipoteremka.

Kambale hakuingia. Alisimama kizingitini, bega moja likilowa, akitazama saruji ya kaburi ikibadilika rangi kidogo kidogo, mpaka yote ikawa nyeusi.

"Ngapi?" aliuliza, bila kugeuka.

Vasta alingoja tarakimu ibadilike. Kisha akaisoma kwa sauti kubwa, ile ya kumfikia mtu aliye kule mlingotini.