Mayai ya Élise

Tangu asubuhi sikukaa chini. Naenda mulangoni, narudi, naenda tena, mpaka bamama ba foleni bakanicheka. Élise, mwenye mujukuu wangu Jéthro alioa, alikuwa juu ya mizani ya kituo cha afya, hapa Butembo. Mimba ya miezi sita, lakini shingo kama ya kuku mwenye kunyeshewa.

"Kilo moja tu mwezi muzima," muganga Julie akasema. "Ulianza mimba ukiwa mwembamba sana, Élise. Wewe unapashwa kuongeza kuliko bengine. Mayai nilikuambia, unakula?"

Élise akaangalia chini. Mutoto wake wa kwanza alizaliwa Beni, mudogo sana. Siku tatu, tukamuzika. Njo maana Jéthro, mwenye alibakia Beni na kazi, ananipigia mimi nyanya yake simu kila jioni: "Koko, anaongezeka?" Na mimi: "Ananona!"

Nikajibu mimi: "Kwetu Vuhovi, mwenye mimba hakuli mayai. Mutoto anatoka bila nywele."

"Na kuku zenu hazitagi?"

"Zinataga kila siku."

"Donc, nani anakula?"

Nikaanza kutafuta kiatu changu, na kilikuwa muguuni.

"Koko, panda mizani."

"Mimi? Mimba yangu ya mwisho sasa iko na ndevu!"

Bamama bakacheka. Julie, hapana. Mwezi uliopita nilikuwa nimepanda kwa mchezo, naye akaandika. Nikapanda tena. Kilo tatu zaidi.

Élise akaniangalia tu. Afazali angenitukana.

Sikungoja hata pikipiki ya kutupeleka nyumbani. Nilipanda kilima na miguu, nikachemusha mayai mbili, nikaweka pembeni ya maharagi na avoka.

"Koko, na nywele?" Élise akauliza, mikono nyuma.

"Tutamununulia kofia."

Akacheka kidogo, lakini hakugusa. Nikamenya la kwanza mwenyewe, nikasimama pale mpaka akamaliza la pili. Jioni Jéthro akapiga simu.

"Haongezeki," nikamuambia. "Nilikudanganya. Mayai yake nilikula mimi."

Akajibu: "Koko, kuanzia leo wewe kula maharagi."

Mwezi ule nililala vibaya, nikisikiliza kuku kama polisi. Siku ya kupima, kidole cha mizani kikatetemeka, kikapita pale pa mwezi uliopita, kikaendelea. Kilo mbili na nusu! Élise akashika tumbo, akalia.

"Na wewe, koko, panda," Julie akasema.

"Hapana, mama. Magoti inaniuma."