Mlima Baada ya Maji

Kuna watu wanaoogopa maji, na kuna wanaoogopa vilivyomo ndani ya maji. Anne-Marie hakuwa upande wowote. Alizaliwa Moba, bandari ndogo ya Katanga, Kongo, pale ambapo Ziwa Tanganyika linapiga miguu ya milima, na maji ya ziwa yalimgusa kabla ya maji ya ubatizo. Sasa alikuwa bibi wa Evere, huku Brussels, ghorofa ya nne, mwenye magoti yanayotangulia televisheni kutangaza mvua, na mjukuu mmoja aliyependa bwawa kuliko dansi.

Mjukuu huyo ni Inès, muuguzi. Majira yote ya baridi alikuwa anakwenda Uccle, kwenye bwawa lenye kina cha nyumba nzima, kujifunza kuzama na chupa ya hewa mgongoni. Mwezi wa tatu, mwaka 2012, alikuwa ameshapewa cheti chake, na kazini wamemkubalia likizo ya wiki mbili mwezi wa tano. Swali lilikuwa moja tu: akazame wapi?

Swali hilo lilikuja mezani Jumapili, pamoja na bukari, ugali wa Katanga, na samaki.

"Kitendawili," Anne-Marie alisema, akikata bukari kwa mwiko.

"Tega, Kambo." Kambo ndiyo bibi, kwa watu wa Katanga.

"Anabeba upepo mugongoni, anaingia nao mu maji. Ukiisha, anatoka kuomba mwingine."

"Ni miye! Ile ni mwepesi."

"Ni mwepesi sababu iko mbele ya macho yako. Bon, mbanda wangu, unaenda wapi?"

Mbanda ni mke mwenza. Ndivyo walivyotaniana hawa wawili tangu mtoto ajue kusema, kila mmoja akidai kwamba marehemu babu alimpenda yeye zaidi.

Inès aligeuza kompyuta yake. Bahari ya Shamu, Misri. Maji ya buluu, samaki wa njano, mashua nyeupe.

Onésime, kitinda mimba wa Anne-Marie, dereva wa basi, alishusha kijiko. "Misri? Mwaka jana si bantu walijaa ku barabara wakimufukuza président? Na ma-requin, ile papa ya bahari? Nilisoma, requin moja ilikamata touriste, hapohapo ku plage!"

"Tonton, weye hata ku baignoire ya kuoga unaingia na gilet ya kuelea."

"Cheka tu. Mwenye miguu mbili ni mwenye kucheka."

Walicheka wote, Onésime naye. Lakini Anne-Marie alikuwa na neno lake, na alilitoa polepole, kama mtu anayetoa mkate wa moto kwenye tanuri.

"Enda Moba."

Inès alimtazama.

"Eh, Moba. Maji iko wazi kuliko ile ya Misri. Samaki iko. Doudou, mutoto ya dada yangu, alifanyaka kazi na bale banaokamata samaki ya mapambo, ile ya rangi, inapanda ndege inakuja mu ma-aquarium ya Bazungu. Bale banazamaka kila siku. Mashine ya hewa iko, chupa iko, mashua iko. Na pale, mutoto, ukianguka, kila mukono inayokuinua ni ya kwenu. Misri ni nani anakujua?"

Hiyo ndiyo sababu aliyoitoa mdomoni. Ya moyoni ilikuwa kaka yake, Nday, aliyekaa juu kwenye uwanda wa Marungu, kule baridi inakootesha viazi, milima inayolitazama ziwa toka mbinguni. Nday alikuwa amepita miaka themanini. Kwao, mkono wa mjomba ndio unaomfungulia mtoto njia. Anampaka mpemba, ule udongo mweupe, kwenye paji la uso, na anafanya hivyo siku ya mwisho, mgeni anapotaka kurudi alikotoka. Mgeni akiondoka Moba bila kupanda kumuaga mjomba, wanasema ameondoka kama mwizi. Hakuna mtoto wala mjukuu wa Anne-Marie aliyewahi kuwekewa mkono huo. Noeli iliyopita Nday alisema kwenye simu: "Unitumie hata mumoja, dada, mbele ya kufa kwangu." Neno hilo lilikaa kifuani mwa Anne-Marie kama mwiba wa samaki kooni, unakula, unacheka, lakini upo.

Na nyumbani kwa Anne-Marie kulikuwa na sheria: hakuna anayepanda ndege bila mpemba wake yeye. Inès aliijua. Bibi akikataa Misri, Misri imekufa.

"Moba ningependa," Inès alisema baada ya kufikiri. "Kweli ningependa, Kambo. Lakini miye nikiwa chini ya maji sitafutake jamaa, natafuta oxygène. Tumuulize mwalimu wangu. Kuja na miye Samedi."

Basi Jumamosi wakaenda Uccle, mabasi mawili, Anne-Marie na koti lake la misa.

Bwawa lile lina madirisha. Unakaa kwenye mgahawa na kahawa yako, na upande wa pili wa kioo watu wanapita wakielea, mapovu yanapanda kutoka vinywani mwao kama maneno yasiyosikika. Anne-Marie hakugusa kahawa. Alipomwona Inès akishuka, mikono imekunjwa kifuani, mtulivu kama mtoto anayelala, machozi yalimlenga, akajikuta anapunga mkono. Inès naye akapunga, kisha akageuka kichwa chini miguu juu, kusudi tu amchokoze.

"Mupumbavu huyu," alisema Anne-Marie kwa furaha, na mzungu wa meza ya pili akatabasamu bila kuelewa.

Mwalimu, Mflamandi mrefu kwa jina Wouter, alikuja kukaa nao, nywele zinadondosha maji. Kifaransa chake kilikuwa kizito kama cha Anne-Marie, na kwa hiyo walielewana vizuri.

"Madame, mahali si pabaya wala pazuri kwa jina lake," alisema. "Mimi nauliza maswali yaleyale kila pahali. Kwenye mashua kuna oksijeni? Nani anahesabu watu kabla ya kuondoka na kabla ya kurudi? Chumba cha kutibu wazamiaji kiko mbali kiasi gani?"

"Chumba gani hicho?"

Inès alieleza: kama pipa kubwa la chuma, mgonjwa anafungiwa humo, wanamrudishia uzito wa maji kwa kumgandamiza kwa hewa, kisha wanamtoa polepole, saa baada ya saa. Kwa sababu mwili wa aliyezama umekunywa hewa, na hewa hiyo inataka kutoka taratibu. Ikitoka kwa pupa, inakuwa mapovu kwenye damu, kwenye viungo, kwenye uti wa mgongo.

Anne-Marie alifikiri kidogo. "Kitendawili. Ukinifungua polepole, nakupa kinywaji. Ukinifungua haraka, nakuchafulia nguo."

"Chupa ya Primus, bia ya kwetu," alisema Inès.

Wouter alipotafsiriwa alipiga meza kwa kicheko. "Ndiyo hivyo hasa! Na kuna swali la nne. Baada ya kuzama, unapanda wapi? Siyo ndege tu. Watu wanakumbuka ndege, wanasahau mlima. Juu hewa ni nyepesi, kifuniko cha chupa kinafunguka."

Anne-Marie alikuwa anajibu kila swali moyoni, kwa ajili ya Moba. Oksijeni: ataulizwa padri, hospitali ya misheni labda inayo. Kuhesabu watu: familia hawawezi kumsahau mtoto wao majini. Chumba cha chuma: hapo alikwama. Na aliposikia neno mlima, kikombe kilisimama nusu njia ya mdomo.

"Mlima," alisema. "Kama mtu anazama asubuhi, jioni anapanda pikipiki kwenda juu kabisa?"

"Madame, huyo asipande."

Anne-Marie aliweka kikombe chini. Walipanda basi la kwanza, kisha la pili.

"Doudou," alisema hapo. "Ile maladi yake."

Doudou ni mtoto wa dada yake, na ugonjwa wake ulijulikana na ukoo mzima, Moba hadi Brussels. Miaka kadhaa nyuma miguu yake ilikufa ghafla, kijana mwenye nguvu. Watu walisema ni wivu, kuna mtu alimfanyia kitu, kwa sababu kazi ya samaki ilikuwa imeanza kumvisha viatu vizuri. Anne-Marie mwenyewe aliomba novena nzima kwa ajili yake. Novena haikuharibu kitu. Doudou alisimama tena, na fimbo, na sasa ana duka la vipuri vya pikipiki. Lakini hakuna aliyewahi kumuuliza siku ile ilikwendaje. Ukishasema uchawi, nani bado anauliza saa ngapi?

Inès aliuliza. Walimpigia jioni ile ile, simu imewekwa mezani, sauti wazi, Onésime naye ameinama kusikiliza.

"Doudou, ni Inès hapa. Tonton, ile siku ya miguu, ulikuwa umezama?"

"Nani asiyejua? Nilizama asubuhi yote! Tulikuwa tunatafuta ile samaki ya buluu ya chini kabisa, ile inakatalaka kupanda."

"Halafu?"

"Halafu nikatoka muzima, nikakula, nikalala kidogo. Kisha nikapanda Marungu kumuaga mujomba, sababu kesho yake nilipaswa kwenda Lubumbashi. Alors, njiani mu kona za mulima miguu ikaanza kuchoma kama pilipili. Kufika ku mulango ya mujomba, paf! Nikaanguka mbele ya mbuzi yake. Hata ile mbuzi ilinisikitikia."

Onésime alicheka, akajizuia. Doudou alicheka kuliko yeye.

"Siyo maji, nabaambiaka bantu kila siku! Mu maji nilitoka muzima. Ni mulima ndiyo ilinikamata. Banasema ni mapepo ya mulima."

"Ni mapovu, Tonton," Inès alisema kwa upole, sauti ya muuguzi kitandani mwa mgonjwa. Akamweleza chupa ya Primus, hewa, damu, kupanda. 

"Attends, ngoja," alisema Doudou. "Donc hakuna mutu alinifanyia kitu?"

"Hakuna."

"Hakuna hata mumoja?" Ikasikika pumzi ndefu, kisha kicheko kipya, chepesi, kama mtu aliyeteremsha mzigo na kugundua ulikuwa mawe tu. "Ee Mungu wangu. Na miye namukatalia shemeji yangu chai miaka yote hii! Kesho namupelekea mukate. Lakini Inès, usikuje kuzama huku. Bale bandugu bado banazama, na kila mwaka kuna mumoja anatembea kama miye. Huku tuko na mapenzi, chumba ya chuma hatuna."

Baada ya simu, Anne-Marie alikaa akitazama mikono yake. Nusura ampeleke mtoto wake, kwa mdomo wake mwenyewe, pale pale: maji asubuhi, mjomba jioni, kwa sababu adabu ya kwao inadai hivyo. Jamaa wote wangempandisha Inès mlimani kwa nyimbo na pikipiki tatu, kwa mapenzi matupu.

"Miye nilizani kwetu ni pahali pazuri sababu ni kwetu," alisema.

"Ni pazuri, Kambo. Ya kuzama ndiyo hapana."

"Bon. Ile Misri yako, iulize maswali ya ule Mflamandi. Nasikiliza hapa hapa."

Inès alijibu moja moja. Mashua ina oksijeni. Amewaandikia, wamemtumia hadi picha. Watu wanaitwa majina kabla na baada. Chumba cha chuma kipo mji uleule, Hurghada. Siku ya mwisho hazami, anakaa mchangani akisubiri ndege ya kesho yake. Vurugu? Ziko mbali na pwani, na chama chao cha Brussels kitafuta safari hali ikiharibika. Papa?

"Requin sina jibu yake," Inès alisema. "Iko mu maji, na miye niko mu maji. Ila nyingi inapitaka tu."

"Hapo umesema kweli," alisema Anne-Marie. "Ungesema hatari hakuna, ningekukatalia." Aliinuka na magoti yake, akatoa mpemba kwenye kabati, akaulowesha kwa kidole, akampaka Inès pajini, kisha mashavuni, zaidi ya inavyotakiwa. Onésime alisogeza uso naye. "Weye unaenda wapi?" "Kazini kesho, maman. Ile ligne ya basi iko na hatari yake."

Ukabaki ule mwiba. Anne-Marie mwenyewe alimpigia Nday, simu mezani tena, akamweleza yote, hata mbuzi. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Juu ya Marungu upepo ulikuwa unapiga simu.

"Nimeelewa," alisema Nday. "Mutoto asizame huku. Ni vizuri. Lakini, dada, mukono yangu itawekwa juu ya nani?"

 Tangu ashuke kutoka ndege iliyomleta Ubelgiji, miaka mingi sasa, Anne-Marie hakuwa amepanda nyingine. Alituma salamu, nguo, dawa, picha. Alituma watoto wa wengine. Yeye mwenyewe, ah, magoti, baridi, mwakani. Wote mezani walijua ni woga, na kwa heshima waliuita magoti.

Inès aliinama, mpemba bado unang'aa usoni. "Kambo. Ile ndege, iko na oxygène?"

"Nyamaza, weye."

"Iko na mutu wa kuhesabu bantu?"

"Bale bademoiselles ya ndege banahesabuaka," alisema Onésime, "nimewaona."

"Na ukifika, ni nani anakungojea?"

Anne-Marie aliwatazama wote wawili, nusu hasira, nusu kicheko. Kisha akaisogelea simu kama mtu anayesogelea ukingo wa maji baridi.

"Juu yangu, Nday. Mukono utauweka juu yangu. Miye pia ni mutoto wa mama yetu."

Kule juu ukasikika ukelele, kisha sauti ya mzee ikiita watu wa nyumba yake, kisha akarudi: "Unakuja lini? Mwezi wa tano viazi viko tayari."

"Mwezi wa tano mutoto wangu iko mu maji ya Misri. Nitakuja akisharudi, nikimugusa miguu yote mbili."

"Basi mwezi wa sita."

"Mwezi wa sita. Na usitume pikipiki kunichukua, Nday! Natafuta gari yenye mulango."

"Gari ya padri iko," alisema Nday, "lakini mulango yake moja imefungwa na kamba."

"Nitakaa upande mwingine," alisema Anne-Marie.