Kidude Sikioni mwa Malkia

"Hafi yule," alisema Shemeji, mdomo umejaa wali. "Nawaambia, yule mwanamke wa tamthilia hafi. Mara ya kwanza gari lilipinduka naye, akarudi na bandeji. Mara ya pili wakamnywesha sumu, akarudi na mume mpya."

"Safari hii wamemzika," alisema Sindano. "Jeneza nimeliona kwa macho yangu, sebuleni kwangu, kwenye runinga yangu."

"Jeneza si ushahidi. Mimi nimelazwa kwenye majeneza mangapi? Na mbona nipo hapa naongeza mchuzi?"

Kwa hilo hakuwa na mpinzani. Katika kundi lao la maigizo, Shemeji, aliyepata jina kwa kumwita kila mtu shemeji, ndiye maiti. Kila mchezo wenye mfu, mfu ni yeye. Usipokuwa na mfu hupewa nafasi ya mlinzi, na kwa namna anavyoicheza, tofauti si kubwa. Sindano ni fundi cherehani, mshonaji wa mavazi ya jukwaani, mwembamba kama jina lake, ila mbele ya sahani utadhani anakula kwa niaba ya ukoo mzima. Wa tatu mezani alikuwa Malkia, mwigizaji wao mkuu. Katika mchezo wake wa kwanza alipewa kiti cha enzi, na mpaka leo hajashuka.

Mwenye nyumba, mwenye wali na mwenye kuku alikuwa Bi Pazia. Jina walimpa wao kwa sababu ya kazi yake. Miaka kumi na tisa amekaa kwenye kigoda nyuma ya pazia, maandishi mapajani, akiwanong'oneza waigizaji maneno yanapowatoka kichwani. Watazamaji hawajapata kumwona hata siku moja. Mwenyewe husema chumvi haionekani mchuzini, lakini isahau uone.

Jumapili hiyo alikuwa amechangamka kupita kiasi. Alhamisi watu wa runinga walikuwa wanakuja ukumbini kurekodi mchezo wao wa mama na mwana, na Bi Pazia alikuwa ameshakisugua kigoda chake kwa sabuni, ingawa hakuna kamera ambayo ingekiona.

"Ehe, na hiyo Alhamisi," alisema huku akimwekea Malkia paja la kuku, "nivae nini? Najua sionekani, lakini mtu hawezi kwenda kwa watu wa runinga na gauni la jikoni."

Sindano aliinamia mfupa wake kama anausoma.

"Kuku amelainika huyu," alisema Shemeji. "Ulimchemsha kwanza, shemeji?"

"Nimekuuliza nguo, unanijibu kuku."

"Na huu mchicha," Sindano akadakia, "umetia karanga?"

"Nimetia kitunguu. Na nimeuliza nguo."

Kimya. Sasa, kama kuna kitu Bi Pazia anakijua hapa duniani, ni kimya. Amekisikiliza miaka yote hiyo gizani. Kuna kimya cha mtu aliyesahau, na kuna kimya cha mtu anayeigiza. Hiki kilikuwa cha aina nyingine: maneno wanayo, wameyakalia.

Akamtazama Malkia. Jua lilikuwa linachoma bati, watu wote wanajipepea, lakini Malkia alikuwa amejifunga kilemba kizito kilichoshuka mpaka masikioni, na macho yake yalikuwa mbali kama mtu anayesubiri basi.

"Malkia, nipitishie pilipili."

"Fungeni mlango, asitoke mtu!" Malkia alifoka.

Kijiko kilimponyoka Shemeji. Sindano akafumba macho.

Maneno yale Bi Pazia aliyajua vizuri. Ndiyo yanayofungua sehemu ya pili ya mchezo. Na tabia ya Malkia aliijua vizuri zaidi: mwanamke yule kwa miaka mingi mdomo wake umeunganishwa na sikio lake, kinachoingia huku kinatokea kule bila kubisha hodi kwenye ubongo. Swali lilikuwa moja tu. Nani amemnong'oneza?

Aliinuka, akaizunguka meza polepole, akainua ncha ya kilemba. Ndani ya sikio mlikuwa na kidude cheusi, kadiri ya punje ya haragwe, kina waya mwembamba uliotelemka mpaka kwenye mkoba. Akakichomoa, akakiweka sikioni mwake. Sauti ya mtu asiyemjua ilikuwa inasoma mchezo wao kutoka kwenye kanda, neno baada ya neno, kama anayesoma maelezo ya dawa ya minyoo.

"Ni nini hiki?"

"Dada, nilikuwa nataka kukwambia."

"Kabla ya paja au baada ya paja?"

Aliyejibu ni Sindano. Watu wa runinga walikuja Jumanne kujaribu vyombo, siku ambayo Bi Pazia alikuwa kliniki na mguu wake. Mazoezi yaliyotangulia, Bi Pazia akiwepo, walikuwa wamerekodi kidogo, wakakuta maiki yao inanasa minong'ono. Ukisikiliza, unasikia kama kuna mtu nyuma ya ukuta anakaanga samaki. Basi wakasema mnong'onezi akae pembeni. Mtu wao angemsomea Malkia kutoka ndani ya gari lao nje, sauti iingie moja kwa moja sikioni; kanda ile walimpa aizoee kwanza.

"Na wewe wamekuwekea kiti cha mbele kabisa," Sindano alimalizia. "Mgeni rasmi."

"Na nyinyi mkasemaje?"

Sindano akaurudia mfupa wake.

"Nimeuliza, mkasemaje?"

"Tulinyoosha mikono," alisema Shemeji. "Yaani wao walinyoosha. Mimi sikunyoosha."

"Ulikataa?"

"Nilikuwa nimelala kwenye jeneza, shemeji. Nafanya mazoezi."

"Jumanne!" Sauti ya Bi Pazia, ambayo nusu ya maisha yake ilikuwa mnong'ono, ilipasua sebule mpaka paka akatoka. "Jumatano wewe Malkia ulikuja hapa kuazima sufuria, ukakaa saa nzima unanisimulia mume wa dada yako. Ijumaa Sindano ukaja kunipima bega, eti unanishonea blauzi. Bega la kwenda wapi? Na leo mmejipanga mezani kwangu mnabishana kuhusu maiti wa kwenye runinga, na mimi mmenizika tangu Jumanne, hata matanga hamjaniwekea!"

"Dada, si kwa ubaya," alisema Malkia.

"Kwa uzuri basi? Niambie uzuri wake niuone."

Akanyoosha mkono, akaliondoa lile paja kwenye sahani ya Malkia. "Hili lilikuwa la rafiki yangu."

Sindano akaikumbatia sahani yake. "Na mimi je?"

"Wewe maliza. Upepo ukikuchukua nitaambiwa ni mimi."

Wakaondoka bila chai. Bi Pazia akaosha vyombo kwa nguvu hata bakuli moja likapata ufa. Kilio hakikuja. Alikingoja, kikagoma, ikabaki hasira peke yake, imejaa kifuani kama moshi wa kuni mbichi.

Alhamisi alikwenda. Si kwamba alikuwa amesamehe. Alitaka aone kwa macho yake, watu wasije wakamsimulia. Alivaa gauni lake la mazishi, akakaa kwenye kiti cha mbele chenye karatasi iliyoandikwa MGENI RASMI, mkoba mapajani. Kutoka pale, kwa kupinda shingo kidogo, aliweza kuona nyuma ya pazia. Kigoda chake kilikuwepo. Juu yake wamepandisha kioo cha kutazamia picha.

Saa tisa alasiri wakaanza. Sehemu ya kwanza ilikwenda bila tatizo, na Bi Pazia, bila kutaka, midomo yake ikawa inacheza pamoja na kila neno. Mama mmoja aliyekaa jirani yake akamwinamia: "Unasali, mama?"

"Nasali. Wanahitaji."

Ikafika pale penyewe. Mwana aliyefukuzwa nyumbani amerudi baada ya miaka mingi, amesimama mlangoni na begi lake. Mama yake anamtazama. Hasemi kitu. Anamtazama tu, na kimya kile kinakwenda pumzi kumi, wakati mwingine kumi na mbili, ukumbi mzima unasahau hata kukohoa. Ndipo anasema: "Ingia. Chakula kimepoa." Hapo ndipo watu hutoa vitambaa. Kuna wanaume wazima waliokuwa wanarudi kila onyesho kwa ajili ya kimya kile tu.

Mgeni hawezi kujua kama Malkia amenyamaza kwa makusudi au amesahau, kwa sababu uso wake ni uleule. Bi Pazia alikuwa anatazama kisigino cha kulia. Kikiinuka, amesahau, mpe neno. Kikitulia, mwache, hata kama unaona mwaka unapita. Miaka kumi na tisa hajapata kumkatiza.

Malkia akanyamaza. Kisigino kimetulia, kimeganda sakafuni kama msumari. Pumzi moja. Pumzi mbili. Kule nje garini, mtu wa kusoma akaona kimya kimezidi, akamwokoa.

"Ingia chakula kimepoa," alisema Malkia.

Yalitoka kama ya mhudumu wa mgahawa anayetaka kufunga aende zake. Mwana hata begi alikuwa hajalitua. Nyuma ya ukumbi mtu akacheka.

"Safi sana!" Mwongozaji wa runinga alipiga makofi. "Tunaendelea!"

Mpaka hapo Bi Pazia alikuwa amekasirika kwa ajili yake mwenyewe, na hasira ya namna hiyo mtu mzima anaweza kuikalia. Hii mpya haikukalika. Akasimama.

"Safi nini?"

"Mama, tafadhali, tunarekodi. Kaa."

"Nimekaa miaka kumi na tisa! Safi nini, nakuuliza? Mtoto amerudi kwa mama yake, mnamkaribisha kama amekuja kusoma mita ya maji! Umekiona kisigino cha huyu mwanamke? Aliyeko garini amekiona?"

"Kisigino?" Mwongozaji akatazama wenzake, labda yupo anayeelewa.

Malkia alielewa. Uso wake ulikuwa umeshapauka kabla Bi Pazia hajafungua kinywa, kwa kuwa mwenye kuibiwa hujua. Akakichomoa kidude, kikaning'inia begani kwa waya wake. Akaja mpaka ukingoni mwa jukwaa.

"Dada. Njoo."

"Nije wapi?"

"Kwenye kigoda chako."

"Kina mtu. Kina kioo."

"Kitatolewa. Njoo, nakuomba."

"Kwanza sema."

"Niseme nini?"

Malkia akamtazama Bi Pazia mdomoni, kama alivyozoea, akingoja apewe. Na Bi Pazia alikuwa nayo. Sentensi ya kuomba msamaha ilikuwa kwenye ncha ya ulimi, fupi, nzuri, imepangika, ukimpa Malkia ataisema mpaka watu watoe vitambaa. Akaubana mdomo, akaimeza.

Kisigino cha Malkia kikainuka. Kikashuka. Kikainuka tena. Ukumbi ukasubiri.

"Walisema," Malkia alianza, akakwama. "Walisema tukikataa watachukua kundi lingine. Na mimi, dada, nina miaka hamsini na sita. Nani atanirekodi tena? Mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wangu. Wao walinifuata. Halafu ile sufuria... sufuria ninayo, sikuwa na shida nayo. Nilikuja nikwambie. Nikaona unacheka, nikashindwa. Basi. Ni hivyo tu."

"Imekaa vibaya," alisema Bi Pazia. "Haina kichwa wala miguu. Lakini hujapewa na mtu."

Akapanda ngazi za pembeni akishikilia goti. Kioo kikateremshwa kigodani. Kabla hajakaa, fundi sauti akaja mbio, vidude vyake vya kusikilizia shingoni.

"Samahani, mama. Mimi sina neno na wewe, ila maiki ile itakunasa."

"Ipi?"

"Ile pale, juu ya pazia."

"Ukiisogeza kule upande wa dirisha?"

Fundi akatazama juu, akatazama dirisha, akaleta ngazi. Akaisogeza. Hatua tatu. Akashuka, akaziba masikio yake kwa vidude. "Haya, nong'ona."

Bi Pazia akamnong'oneza jambo kuhusu akili ya watu wa runinga ambalo si la kuandika hapa.

"Sisikii kitu," alisema fundi. "Tayari, mama. Twende."

"Ndiyo imeisha?"

"Imeisha."

"Jumanne kuna mtu alikuomba uisogeze?"

Fundi akamtazama Malkia. Akamtazama Sindano, aliyekuwa anatafuta kitu chini ya meza ya mavazi. Shemeji alikuwa ameshaingia jenezani.

"Hapana, mama. Hakuna aliyeuliza."

Hatua tatu. Bi Pazia akakaa. Njiani akipanda ngazi alikuwa amesamehe nusu. Ile nusu akairudisha kifuani ilikotoka, akaifungia pamoja na ile nyingine. Akafungua maandishi mapajani, akamnong'oneza Malkia neno la kuanzia, meno yameumana.